Faiba Alichaguliwa wa Kwanza

Hemedy, katibu wa timu ya Kibiti, akianza kuzungumza mpira, kahawa humpoa mkononi. Siku ya gulio nilimkuta kijiweni, nyuma ya stendi ya Kibiti, kazungukwa na waendesha bodaboda, anawasomea kutoka kwenye daftari lake kama kadhi anayegawa mirathi. Nilikuwa napita zangu na beseni la kamba wa kukaanga kichwani, sina habari naye, mpaka nikasikia jina.

"Winga hachaguliwi wa kwanza," alisema. "Wekeni akilini. Winga ni tairi. Leo unalivalisha linang'aa, miezi mitatu haijapita lishakuwa kipara. Tulimchukua yule Faiba wa Nyamisati wa kwanza kabisa, timu zote zikatuonea wivu, tukaambulia nini? Basi. Tumejifunza."

Faiba wa Nyamisati ni mdogo wangu, tumbo moja. Jina alilopewa na baba yetu ni Mfaume. Kwa hiyo mtanisamehe kama maneno yangu yatakuwa makali. Nimejaribu kuyapoza na hayapoi. Wamejifunza! Goti la ndugu yangu lilikuwa shule yao, na sasa wamehitimu, wanakunywa kahawa.

Nilitua beseni. "Hemedy," nikamwambia, "hilo tairi lako liko nyumbani, limenyoosha mguu juu ya kiti. Linakusalimia."

Vijana wakaangua kicheko. Hemedy hakucheka, lakini wala hakuona haya, na hilo ndilo lililonichoma.

"Dada Mwanaamina, usichukie. Hapa hatumsemi mtu. Tunasema mpira."

"Mtu ndiye huyohuyo mnayemsema."

"Sista, Katibu naye anasahau," akadakia Saidy, bodaboda aliyekuwa akinibebea mizigo kila gulio. "Bila Faiba fainali tungeiona wapi? Mabao tisa yule mwana! Mimi nikipewa zamu ya kwanza nachukua winga leo, kesho na keshokutwa. Akiisha unatafuta mwingine. Huko delta si wamejaa?"

Nilimtazama Saidy nisijue kati yao nani alikuwa ananitetea. Mmoja anasema ndugu yangu hakustahili kuchukuliwa, mwingine anasema alistahili kuchukuliwa na kutupwa. Nilijitwika beseni langu nikaondoka, na siku ile nilirudi Nyamisati, kijijini kwetu delta, na bodaboda ya mtu mwingine.

Kwa asiyejua, mambo yetu ni hivi. Kila mwaka kuna mashindano ya kugombea ng'ombe, timu nane kutoka kata za barabarani na za delta. Zamani kila timu yenye wafadhili ilileta mamluki kutoka Dar, wana njumu za rangi na vichwa vimenyolewa michoro, wenyeji wakabaki kubeba ndoo za maji. Kamati ikakata shauri. Wachezaji wote wawe watu wa wilaya hii, wasimame mstari mmoja uwanjani, na makatibu wa timu wachague kwa zamu, kila zamu kila timu mtu mmoja, mpaka vikosi vitimie. Nani aanze, hupigwa kura kwa vikaratasi ndani ya kofia ya mwenyekiti. Anayeitwa huvua ndala na kuvuka uwanja miguu mitupu mpaka upande wa timu yake, akavishwa jezi palepale. Yule wa kwanza kabisa hutandikiwa khanga na kina mama.

Nia ilikuwa njema, sibishi. Lakini mpange watu mstari, uwape wengine ruhusa ya kuwaelekezea kidole, kisha usikilize lugha itakayotoka. "Yule ana mapaja." "Huyu mkavu, hafai." Nimeuza samaki miaka kumi na mitano, lugha hiyo naijua. Kwa samaki haina dhambi.

Uteuzi wa mwaka huu ulikuwa Jumamosi ya wiki ileile, siku tatu baada ya gulio, na Mfaume alikuwa ameshasema kwamba atasimama mstarini. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: goti lile likiteguka tena, kazi yake ya kubeba boriti asahau, na huenda hata kutembea kwake kukawa kwa fimbo. Umri wake miaka ishirini na saba. Nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, mdogo wangu asisimame kwenye mstari ule.

Alizaliwa mwaka wa mvua za Elinino, shamba la mpunga la baba likiwa chini ya maji. Mama alipofariki, Mfaume alikuwa na miaka sita na miye kumi na saba, basi nikawa dada na mama kwa pamoja. Alikuwa mtoto wa ajabu ajabu. Mzaliwa wa delta, lakini samaki mwenye miba hali mpaka leo; lazima nimchambulie. Akisimulia kisa hucheka kabla hajafika panapochekesha, msikilizaji ukabaki unacheka usichokijua. Na ukimtuma dukani alikuwa amerudi kabla hujakumbuka kitu cha pili ulichotaka kumwagiza. Huyo ndiye waliyemwita tairi.

Alipokuwa kijana alifuata kazi ya baba, boriti za mikoko, kwa kibali na kwa msimu. Kazi ya boriti mtu wa barabarani haijui. Anaona nguzo zimelazwa gatini anadhani zilijileta. Mnaingia kokoni, ndani ya msitu wa mikoko, maji yakipwa, mnakata, na lazima boriti zitoke mpaka kwenye mtumbwi kabla maji hayajajaa. Katikati pale kuna mizizi iliyosukana na kuna tope. Lipo tope linaloshika, lipo linalomeza. Kwa hiyo watu hufanya kazi wawili wawili: mmoja anatangulia na panga, anafungua njia, mwingine anafuata na boriti begani.

Aliyemtangulia Mfaume alikuwa Ismaily, rafiki yake tangu utotoni. Ismaily ni mfupi, mpana, neno humtoka kwa shida. Alikuwa anapita anapiga mzizi huu, anaukunja ule, analijaribu tope kwa unyayo, na Mfaume anakanyaga palepale alipokanyaga Ismaily, bila kutazama chini, mbio. Wenzao wakitoa boriti nne, wao hutoa saba. Na huko kwenye mtumbwi watu husema nini? "Mfaume mwepesi, mashallah!" Ismaily anatokea nyuma na panga lake, hana kitu begani, utadhani alikwenda kuangalia ndege. Ukiona vyaelea, vimeundwa, wanasema wahenga. Wanayasema kila siku na muundaji hawamtazami.

Jioni, maji yakipwa, walicheza mpira palepale kwenye tope mbele ya gati. Walicheza kama walivyofanya kazi. Ismaily katikati, anaziba huyu, anamsukuma yule, anampokonya wa tatu, kisha mpira unatoka mbele na Mfaume yuko mbioni. Kwenye tope mtu hakimbii kama barabarani. Unainua goti juu wima, kama unayepanda ngazi, na ukitaka kugeuka unageukia unyayo mzima, maana tope linageuka pamoja nawe. Mfaume alijifunza hivyo tangu ana meno ya utoto. Ndipo wakampa jina la Faiba, kwa zile boti nyepesi za faiba zinazokwenda Mafia.

Mwaka juzi Hemedy alikuja Nyamisati kutafuta boriti za kuezekea banda lake. Wakati anasubiri, akasimama gatini kutazama mpira. Akaona mtu mmoja anawaacha watu watano. Nilikuwepo, nauza kamba hatua kumi kutoka pale, niliona mdomo wake ulivyofunguka. Sasa nawaambia alichokuwa hakioni. Kati ya wale watano, watatu walikuwa abiria wa Mafia waliochoka kungoja boti, wamevua viatu, wamekunja suruali, wanazama mpaka ndama. Wawili waliobaki Ismaily alikuwa ameshawaweka kando. Hemedy hakuwaona abiria, hakumwona Ismaily, na tope lenyewe hakuliona! Mtu mzima, katibu wa timu, na daftari kwapani. Alimwona mkimbiaji tu.

"Dada," aliniuliza, "huyu ni nani?"

Nikajibu kwa kujidai, "Mdogo wangu huyo."

Mwaka jana kura ikampa Hemedy zamu ya kwanza. Hakungoja hata mwenyekiti amalize kusoma karatasi. "Mfaume wa Nyamisati!" Mfaume alivua ndala akavuka uwanja, na miye nilikuwa wa kwanza kutandika khanga, nikamwita na Mwanajuma jirani yangu atandike yake, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Siku ile mtu angeniambia kuwa winga hachaguliwi wa kwanza ningemrushia beseni. Ismaily alisimama juani mpaka zamu ya nane, timu ya Mchukwi wakamchukua kwa kuwa walikuwa wanahitaji mtu wa kukaba na hawakumwona mwingine mnene. Alivuka uwanja peke yake, hata hakuna aliyemtazama.

Basi msimu ukaanza. Uwanja wa Kibiti ni changarawe iliyoshindiliwa, ukianguka unaacha ngozi. Mfaume walimvalisha njumu, kitu ambacho hakuwahi kukivaa. Mechi ya kwanza alifunga mawili, ya pili moja. Akawa ndiye timu. Hemedy alisimama pembeni ya uwanja na neno lake moja: "Mpe Faiba! Mpe Faiba!" Kipa akidaka, mpe Faiba. Beki akibanwa, mpe Faiba. Mechi ya tatu nilihesabu kwa vidole na punje za mahindi, alipewa mpira mara arobaini na moja. Na mbele yake hakuna aliyefungua njia hata hatua moja. Alikuwa anakimbilia watu waliomsubiri, wanampiga viwiko, wanamkanyaga vifundo, yeye anaamka, anajipangusa, anacheka. Akifunga, wanamsifu miguu. Asipofunga, wanasema Faiba leo kalala.

Mechi ya tano goti likavimba. Nililikanda kwa maji ya moto na chumvi, kesho yake likavimba tena. Nilimpigia Hemedy simu.

"Huyu hachezi Jumapili," nikamwambia.

"Dada yangu, hata miye naumia," akasema. "Mechi mbili tu zimebaki, baada ya hapo atapumzika mwaka mzima."

Ahadi zake zote zilivunjika isipokuwa hiyo. Mfaume amepumzika mwaka mzima.

Hapa nisijifiche. Nusu fainali alicheza huku anachechemea, akafunga, wakashinda. Asubuhi ya fainali alikaa mlangoni, ameliangalia goti lake lililojaa kama papai, akaniuliza, "Dada, nicheze?" Hakumuuliza Hemedy, aliniuliza miye. Nyamisati nzima ilikuwa imekodi fuso. Akina mama wameshashona sare. Tangu mechi ya kwanza, kila nikipita sokoni Kibiti naitwa dada wa Faiba, watu wasionijua wananipisha, wananunua kamba wangu bila kupunguziwa. Nilitaka siku moja zaidi ya hayo. Nikasema, "Cheza." Nikamfunga bandeji kwa mikono yangu hii. Kwa hiyo ninapomtukana Hemedy, na namtukana sana, najua kuna tusi moja linalobaki mdomoni kwa sababu halina pa kwenda ila kwangu.

Fainali ilikuwa dhidi ya Mchukwi, na katikati ya Mchukwi alisimama Ismaily. Yule waliyemwokota zamu ya nane ndiye aliyekuwa ameibeba ile timu mpaka pale. Hakuna aliyekuwa anampita. Dakika ya ishirini Mfaume akapewa mpira, kama kawaida, akamwendea rafiki yake. Ismaily hakumpiga, wallahi nasema hili mbele ya Mungu, hakumgusa hata kwa kidole. Alisimama tu pale alipojua Mfaume atataka kupita, maana miaka yote yeye ndiye aliyekuwa anampa pa kupita. Mfaume akakata kona. Aligeuka kama anavyogeuka kwenye tope, kwa unyayo mzima. Changarawe haikugeuka naye. Njumu ikang'ang'ania chini, mwili ukaenda, na goti likabaki katikati, halijui limfuate nani.

Mlio ule niliusikia palepale nilipokuwa nimekaa. Ismaily alipiga magoti akamshika kichwa, akalia mbele ya watu elfu moja, na refa anampigia filimbi ainuke. Mchukwi wakashinda mbili bila. Hemedy alikuja hospitali mara moja, na machungwa. Nitamtendea haki: alikuja. Alikaa kitandani kwa Mfaume, akafungua daftari, akamwonyesha kuwa mabao tisa ni rekodi ya mashindano. Mfaume akacheka kabla ya panapochekesha.

Baada ya hapo ni mwaka wa kukaa. Boriti hawezi. Kuvuka tope hawezi. Alinisaidia kumenya kamba, miguu ameinyoosha juu ya kiti, na redio ya mpira sikioni. Watu waliacha kumwita Faiba taratibu, bila ubaya, kama mtu anavyoacha kuuliza habari za mgonjwa wa muda mrefu. Ismaily alikuja kila Ijumaa baada ya swala, akakaa naye. Siku moja nilimuuliza ana maoni gani juu ya mabishano ya kijiweni, je, winga achaguliwe wa kwanza au asichaguliwe?

"Dada, wangetuchukua sote wawili timu moja," akasema, "hata zamu ya mwisho ingetosha."

Hiyo ndiyo hesabu ambayo daftari la Hemedy halina. Lakini nani atakwenda kijiweni kuwasomea maneno ya Ismaily?

Sasa Ijumaa, siku moja kabla ya uteuzi, nilimwambia Mfaume asiende. Nilimwambia kwa upole, kisha bila upole. Nilimwambia alivyoitwa kijiweni. Nilidhani akisikia neno lile tairi atakasirika kama nilivyokasirika.

"Kwani uongo?" akasema. "Tairi likiisha si unaliona?"

"Mfaume, weye huna hasira?"

"Ninayo, dada. Lakini haichezi mpira."

Alfajiri nilizichukua njumu zake nikazificha chini ya matenga ya samaki, ndani kabisa, penye harufu. Nilirudi kutoka kisimani nikakuta hayupo. Ameondoka na ndala, amepanda bodaboda nyuma ya Ismaily. Nilisahau kuwa mstarini hakuna anayevaa njumu. Nilikodi bodaboda ya kwanza niliyoiona, na kwa kudra za Mungu ikawa ya Saidy.

Nilipofika mstari ulikuwa umeshapangwa. Vijana zaidi ya mia, na katikati yao mdogo wangu, kanyoosha mgongo, uzito wote kauweka mguu mzima ili ule mwingine usionekane. Kila katibu alipopita mbele yake alikuwa anainua magoti, moja, mbili, haraka haraka, kuonyesha kuwa linakunjika. Nilitaka kwenda kumvuta mkono. Mwanajuma akanishika. "Mwache, mwenzangu. Utamwumbua."

Kura ikampa tena Hemedy zamu ya kwanza. Alipiga hatua mbele na daftari lake, akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu aliyehitimu, "Ismaily wa Nyamisati!"

Watu wakapiga makofi. Ndiyo, mkabaji wa kwanza, busara imekuja. Khanga zikatandikwa. Ismaily alimtazama Mfaume, Mfaume akamsukuma begani, nenda, nenda. Akavuka. Nilimwona Hemedy anampiga piga mgongoni kama anayepima ubao, nikajua kuwa mwaka huu kelele zitakuwa "Mpe Ismaily", kila mpira, kila mechi, mpaka naye wammalize. Mkosaji hakuwa winga wala mkabaji, na Hemedy alikuwa amesoma kitabu kizima akashika ukurasa usio wenyewe.

Zamu zikaendelea. Ya tano, ya kumi. Jua lilipanda. Kila jina lililoitwa na lisiwe lake nilisema alhamdulillahi kimoyomoyo, kisha nikiona anavyomeza mate naona aibu kwa kusema. Zamu ya kumi na nane ikaisha. Walibaki watu sita: mmoja mgonjwa wa macho, wengine vipara vya uzee, na Mfaume. Nikashusha pumzi. Yamekwisha. Nitampeleka nyumbani, nitamchambulia samaki, atanichukia mwezi mmoja, goti litasalimika.

Mwenyekiti wa kamati akashika kipaza sauti. Akasema ni vibaya mtu asimame juani tangu asubuhi aondoke mikono mitupu, kwa hiyo kamati imeamua waliobaki wagawiwe timu. "Wawe nyongeza," akasema, akacheka, na watu wakacheka naye.

Kila anayenunua kwangu hudai nyongeza, na huwa namwongezea. Nachukua kamba waliokatika vichwa, wadogo, wale ambao hakuna mtu angewatolea senti, nawatupia juu ya fungu. Sijawahi kumtupia mtu kamba mzima. Miguu yenyewe ilinipeleka katikati ya uwanja kabla Mwanajuma hajanishika. Mwenyekiti alikuwa anasoma: fulani kwa timu fulani, "na Mfaume kwa Katibu Hemedy."

"Haendi!" nilisema. Nadhani nilipiga kelele, maana kipaza sauti kilinyamaza. "Hatuna nyongeza ya mtu nyumbani kwetu. Mfaume, twende."

Hakusogea. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakuwa ananitazama kwa hasira, ingekuwa afadhali.

"Dada, niachie."

"Wamekugawa kama dagaa, mbele ya macho yangu!"

"Nimeona."

"Hutacheza hata dakika moja. Watakukalisha benchi uwabebee maji. Na wakikuingiza ndiyo mbaya zaidi, utarudi huna mguu. Unataka nini kwao?"

Alisema polepole, ili nisikie miye peke yangu. "Wameniita jina, dada. Mwaka mzima hakuna aliyeniita."

Mkono wangu ulikuwa umeshika shati lake, nikaona vidole vinafunguka vyenyewe.

Akavua ndala, akaziweka miguuni pangu.

Upande wa pili jezi zilikuwa zimeshakwisha. Hemedy alikuwa amefunga daftari, ameliweka kwapani, anatembea kuelekea kwenye pikipiki, hata hakugeuka kutazama nani kaongezewa. Mfaume alivuka uwanja wa changarawe miguu mitupu, goti linakwenda pembeni kila hatua, kwanza kwa kutembea, kisha akaona Hemedy anawasha pikipiki. Akaanza kumkimbilia.